Nyoka hajui jina lake, ila jirani analijua

Wiki hii mmeniandikia kuhusu nyoka, na karibu wote mnauliza jina kabla ya chakula. Nimechagua maswali yenye kitu ndani yake.

*Shikamoo Mwalimu. Nina nyoka mdogo wa kahawia, anayemfahamu vizuri amehakikisha hana sumu. Wadogo zangu wanataka tumwite Koboko ili watu wamuogope. Unaonaje? (Isevya)*

Marahaba. Naona balaa. Siku nyoka huyo akichomoka kwenye kasha na kumng'ata mtoto wa jirani kidoleni, mama mtu atauliza ameumwa na nini, na wadogo zako watajibu kwa ukweli kabisa: "Koboko!" Hapo hakuna tena wa kusikiliza maelezo. Mmoja atakuja na mpira wa baiskeli amkaze mtoto mkono, mwingine na wembe, na hao wawili ndio watakaomuumiza. Hospitalini daktari ataambiwa koboko, sumu inayoshika mishipa ya fahamu mpaka mtu ashindwe kupumua, naye itambidi akeshe na mtoto asiye na kitu. Nyoka wako muda huo keshakatwa jembe.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Koboko wa kweli akionekana kwenye mwembe wa uani, nani atakimbia wakati kila siku anasikia "Koboko kala, Koboko kalala"? Koboko, swila, kifutu: majina hayo waachieni wenyewe. Na kwa kuwa mnapenda kusahau, mtu akiumwa na nyoka yeyote msimchanje, msimfunge kamba ya kuzuia damu, msimnyonye jeraha. Kiungo kitulizwe, asitembee ovyo, awahishwe hospitali.

*Nikimwita jina lake kila siku, ataanza kuja baada ya muda gani? (Cheyo)*

Hatakuja. Swali hili mnaliuliza kila msimu. Nyoka hana masikio ya nje. Anachopata ni mtikisiko wa ardhi na sauti nzito nzito. Jina ni lenu nyinyi wa nyumbani. Yeye anazoea kasha kufunguliwa, ambako kwake ni dalili ya chakula, kwa hiyo usitangulize vidole vyenye harufu ya panya.

*Tumemkamata chatu mdogo shambani. Jina la Mirambo ni dharau? (Sikonge)*

Kibali kiko wapi? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haikuruhusu kuokota mnyamapori na kumfanya wako, na biashara ya chatu kuvuka mipaka inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwite Mirambo, mwite Isike mtemi mwenzake, mbele ya hakimu ni chatu asiye na karatasi. Tena huyo mdogo hakai mdogo: chatu wetu hupita mita 4, na mbuzi kwake ni mlo. Mtaarifuni ofisa wanyamapori wa wilaya leo. Najua mtaniletea habari za wayeye, wale wacheza nyoka, kwamba Wanyamwezi na Wasukuma wamecheza ngoma na chatu tangu zamani. Wamecheza, ndiyo, lakini wayeye walikuwa na miiko, dawa na walimu. Nyinyi mna simu yenye kamera.

Ama Mirambo, mtemi aliyefariki 1884, jina lake lingali na wenyewe Urambo. Kawaulizeni wao.

*Bibi anakataza kutaja nyoka usiku, anataka tuseme "kamba". Basi nimwite Kamba? (Kanyenye)*

Bibi atiiwe. Ila jioni utakapomtuma kijana akakuletee kamba ya ng'ombe, utanikumbuka.

*Nilimwita Mwajuma, sasa naambiwa ni dume. (Nzega)*

Ndiyo matokeo ya haraka. Kwa kawaida mkia wa dume ni mrefu zaidi na ni mnene pale unapoanzia, lakini kwa nyoka mchanga hata mzoefu hubahatisha. Chukua jina lisilochagua: Bahati, Riziki, Furaha. Na kama kuna Mwajuma hapo mtaani, badilisha kabla hajasikia. Sitaki kusuluhisha kesi ya baraza la kata.

*Jina nimeshapata. Maziwa nimpe mara ngapi? (Ipuli)*

Usimpe. Nyoka anakula nyama na kunywa maji.

*Wavuvi wamenasa nyoka kwenye wavu, ana mikanda myeusi shingoni, anakula samaki na ni mpole sana. Nimemweka kwenye ndoo. Nimwite Tanganyika? (Ujiji)*

Kwa maelezo yako huyo ni swila wa maji wa Ziwa Tanganyika. Upole wake ni wa kweli, mara nyingi akiona mtu huondoka zake, na ndiyo maana wavuvi wanamzoea. Sumu nayo ni ya kweli, ni swila kama swila wengine. Usimshike, usimpige picha na watoto, usimpe jina. Funika ndoo kwa kitu kizito, kisha mtafute ofisa wanyamapori aje amrudishe majini yeye mwenyewe.