Haidrenjia Katika Bustani ya Nyumbani: Ushauri kwa Wanaoanza

Watu wengi wanaofika kitaluni kwangu hapa Lushoto kutafuta haidrenjia huanza kwa kuuliza rangi. Mmoja anataka ya buluu, mwingine anataka ya waridi kwa sababu aliiona kanisani siku ya harusi ya mdogo wake. Mimi huwauliza kwanza wanakoishi, kisha udongo wao ni wa namna gani na maji ya kumwagilia wanayatoa wapi. Majibu hayo yakishapatikana, suala la rangi huwa limekwisha kujiamulia lenyewe kwa sehemu kubwa, na mara nyingine hata suala la kununua.

Haidrenjia inayopatikana zaidi katika vitalu vyetu, ile yenye majani mapana na maua yaliyoshikana kuwa tufe, ni Hydrangea macrophylla, ambayo asili yake ni Japani. Mmea huu hauumbi vitumba vya maua mpaka upate majuma kadhaa ya baridi, kwa makadirio chini ya nyuzi 18 za Selsiasi, na hasa usiku. Ndiyo maana hustawi Lushoto, Njombe, Tukuyu, Limuru na Kericho, ambako kati ya Juni na Agosti watu hulala na mablanketi mawili. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hakuna usiku wa namna hiyo, hivyo mmea ukiwekwa kivulini na kumwagiliwa vizuri utaishi, utatoa majani mazuri, lakini hautachanua. Mche unaouona mjini ukiwa umesheheni maua ulipata baridi yake mahali pengine, na maua hayo yalikwishaumbwa kabla haujapandishwa garini. Ukiupenda, ununue kama unavyonunua shada la maua, ufurahie majuma yake machache, wala usilaumu mkono wako mwaka unaofuata. Kwa bustani ya pwani ningekushauri upande iksora, ambayo nayo hufunga maua kwa vishada na haina haja na baridi.

Kuna tahadhari inayohusu ushauri unaotoka nje. Ndugu zetu walioko Marekani au Ujerumani huwa na haidrenjia za aina nyingine pia, kama Hydrangea paniculata yenye maua yaliyochongoka na Hydrangea arborescens ya mashariki mwa Marekani. Aina hizo mbili huchanua kwenye matawi yaliyoota mwaka huohuo, na kwa hiyo mwenye nazo anaweza kuzikata mpaka karibu na ardhi theluji inapokwisha na bado akapata maua. Yetu hubeba vitumba kwenye matawi yaliyokomaa tangu msimu uliopita, na ukiifuata kanuni ile ya kukata chini utakuwa umekata maua yote ya msimu ujao. Kwa hiyo kabla ya kufuata maelekezo ya mtu yeyote, hakikisha anazungumzia mmea ulio nao. Na kama ndugu huyo anataka kukuletea vipandikizi ndani ya sanduku, mwambie asubiri: mimea hai huingia nchini kwa kibali na cheti cha afya ya mimea, na Tanzania mamlaka inayohusika ni TPHPA, huku Kenya ikiwa ni KEPHIS.

Sasa rangi. Haidrenjia nyeupe hubaki nyeupe popote utakapoipanda. Zile za waridi na za buluu, kwa sehemu kubwa, ni mmea uleule katika udongo tofauti, na kinachozitofautisha ni madini ya alumini. Udongo wenye tindikali nyingi, yaani wenye pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) iliyo chini ya 5.5 hivi, huyeyusha alumini kiasi cha mizizi kuweza kuifyonza, na maua hugeuka buluu. Udongo wenye pH ya juu ya 6.5 huifungia alumini hiyo isipatikane, na maua huwa ya waridi. Katikati ya viwango hivyo utapata zambarau, au mchanganyiko usiotabirika ambao mimi binafsi naupenda kuliko rangi zote mbili. Nyekundu iliyokolea, hata katika udongo wenye tindikali, mara nyingi huishia kwenye zambarau, basi usimwamini muuzaji anayekuahidi kuwa utaigeuza iwe buluu ya anga.

Kwa mtu asiye na kipimo, chai ni kielekezi kizuri. Mchai hupenda udongo wenye tindikali, na panapostawi chai, kama kule Mponde, Mufindi au Kericho, haidrenjia huwa na buluu isiyohitaji msaada wa mtu. Anayetaka uhakika apeleke sampuli ya udongo kwenye maabara, kwa mfano TARI Mlingano iliyoko Muheza au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Mara nyingi rangi huharibiwa na mwenye bustani mwenyewe bila kujua. Majivu ya jikoni, ambayo wengi wetu humwaga bustanini kwa nia njema, hupunguza tindikali. Mbolea ya DAP ina fosforasi nyingi, na fosforasi huishika alumini kabla haijafika kwenye mizizi. Saruji ya msingi na ya vijia hutoa chokaa kidogokidogo kila mvua inyeshapo. Ukichunguza haidrenjia iliyopandwa hatua moja tu kutoka ukutani, unaweza kukuta upande wa ukutani una maua ya waridi na upande wa bustani una ya buluu, shina likiwa lilelile. Anayetaka buluu na apande mbali na saruji, atumie samadi iliyooza vizuri na matandazo ya majani makavu, na ikibidi aongeze shabu, ile ya kusafishia maji, kwa kuwa ndani yake mna alumini. Kijiko kimoja cha chakula katika lita nne za maji kinatosha, tena umwagie udongo uliokwisha loweshwa, kwa sababu ikizidi huunguza mizizi. Badiliko halionekani kwenye maua yaliyokwisha kufunguka, bali kwenye yanayofuata. Anayetaka waridi atumie chokaa ya kilimo kwa kiasi. Hata hivyo, kushindana na udongo wa shamba zima ni gharama isiyokwisha, na mtu mwenye shauku ya rangi fulani hufanya vyema kuipanda kwenye chungu kikubwa, ambako udongo ni wa kwake.

Maji nayo yana tabia yake. Maji mengi ya ardhini yanayouzunguka Mlima Meru yana magadi na floridi, na haidrenjia inayonyweshwa maji ya namna hiyo kwa muda mrefu huonyesha majani ya njano yenye mishipa iliyobaki kijani. Hiyo ni dalili ya kukosa chuma, ambacho kimo udongoni lakini hakifyonzeki. Kuongeza mbolea hapo hakusaidii. Wenzetu wa Arusha wenye mabati na pipa wakinge maji ya mvua na wayaweke kwa ajili ya mimea hii.

Mahali pa kupanda pawe upande wa mashariki wa nyumba, ambako jua la asubuhi hufika na la alasiri huzuiwa. Epuka kivuli cha mikaratusi, kwa kuwa mizizi yake itakunywa maji kabla ya mmea wako. Shimo liwe na upana mara mbili ya mfuko wa mche na kina kilekile cha mfuko, na kati ya mche na mche acha mita moja hadi moja na nusu.

Mchana wa jua kali majani hulegea na kuning'inia kana kwamba mmea unakufa, na hapo mgeni wa kazi hii hukimbilia ndoo. Kabla ya kumwaga maji, chomeka kidole udongoni mpaka pingili ya pili. Kama kuna unyevu, acha. Majani yatasimama yenyewe jioni, kwani yalikuwa yakipoteza maji kwa kasi kuliko mizizi ilivyoweza kuyaleta. Yasiposimama mpaka asubuhi, hapo ndipo mmea una kiu kweli. Mizizi iliyolowa siku zote huoza, na mmea uliooza mizizi hulegea vilevile, jambo ambalo huwafanya watu wazidishe maji.

Kupogoa kufanywe mara tu maua yanapochakaa, si miezi baadaye. Shika tawi lenye ua lililokauka, shuka nalo mpaka uone jozi ya kwanza ya macho (vichipukizi vidogo) yaliyonenepa, kisha kata kwa mkasi mkali juu yake kidogo. Kwenye mmea wa miaka mingi, ondoa kila mwaka matawi machache yaliyozeeka, yale yenye gamba la kijivu linalobanduka, ukiyakata chini kabisa ili machanga yapate nafasi. Njombe na sehemu za juu za Limuru, ambako jalidi hupiga vitumba, funika mmea kwa gunia usiku unaotazamiwa kuwa na baridi kali. Mabaki ya kupogoa usiyatupe zizini, kwa sababu haidrenjia ina sumu kwa mbuzi, ng'ombe na mbwa, na huku kwetu mbuzi wa ndani hula chochote kilichorushwa hapo.

Matawi yasiyokuwa na maua ni mtaji. Chagua tawi changa lililoanza kukakamaa, ukate kipande cha sentimita 10 hadi 15, chini tu ya kifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye tawi. Ondoa majani ya chini, ubakize jozi moja ya juu, na majani hayo uyakate nusu ili yasipoteze maji mengi. Chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga na udongo wa msituni, ulowanishe, ufunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kisha uweke kivulini. Baada ya majuma manne hivi, kivute taratibu. Kikigoma, kimeshika mizizi. Fungua kizibo cha chupa kwa siku chache ili mche uzoee hewa ya nje, ndipo uondoe chupa yenyewe, na uuhamishie kwenye mfuko mpaka mvua za masika ziutoe kitaluni.