Maswali ya Wasomaji: Je, kura ya chama kidogo ni kura iliyotupwa?

Ndugu Mhariri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa historia na uraia katika shule moja ya sekondari ya hapa Ruashi. Wanafunzi wangu waliniuliza kwa nini Marekani, nchi kubwa kiasi kile, hutawaliwa kwa zamu na vyama viwili tu, Demokrati na Republican, ilhali sisi hapa Kongo tuna vyama zaidi ya 900 vilivyoandikishwa. Nilipowaambia kwamba hata kule kuna watu wa mrengo wa kushoto wanaosimama nje ya vyama hivyo viwili, kijana mmoja alijibu kwamba kuwapigia kura ni sawa na kuitupa kura kisimani. Je, amesema kweli?
Mama Mwalimu, komini ya Ruashi, Lubumbashi

Mama Mwalimu, kijana wako ana hoja, na ningependa usiipuuze mbele ya wenzake, kwa sababu imewasumbua watu wa mrengo wa kushoto wa Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Chanzo chake ni namna kura zinavyohesabiwa. Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435, na kila kiti kina eneo lake la uchaguzi. Karibu kila mahali anayetangulia katika eneo hilo, hata kwa kura moja, hukichukua, na wengine wote huondoka mikono mitupu, hivyo kwamba chama chenye mfuasi mmoja kati ya kila wapiga kura watano, waliotawanyika nchi nzima, kinaweza kumaliza uchaguzi bila mbunge hata mmoja. Katika kumchagua rais mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa majimbo 48 kati ya 50 humpa mshindi wa jimbo wajumbe wote wa jimbo hilo katika baraza la wateule 538 linalomchagua rais. Mwaka 1992 mfanyabiashara Ross Perot, ambaye hakuwa mtu wa kushoto, alipata karibu asilimia 19 ya kura zote na hakuambulia mjumbe yeyote. Robert La Follette, aliyegombea mwaka 1924 akiungwa mkono na wakulima, vyama vya wafanyakazi na wasoshalisti, alipata zaidi ya asilimia 16, akapewa wajumbe 13, wote wa Wisconsin, jimbo lake la nyumbani. Mtaalamu Mfaransa Maurice Duverger alieleza katika miaka ya 1950 kwamba utaratibu huu huviumiza vyama vidogo mara mbili: kwanza katika hesabu yenyewe, halafu katika moyo wa mpiga kura, ambaye akishaona kwamba chama anachokipenda hakiwezi kushinda, humpa kura yake yule anayemchukia kidogo kuliko mwingine.

Mfano ambao kila Mmarekani huutaja ni wa mwaka 2000. Ralph Nader, mtetezi wa walaji aliyesimama kwa tiketi ya chama cha Kijani, alipata zaidi ya kura 97,000 katika jimbo la Florida, na George W. Bush akalichukua jimbo hilo, na urais pamoja nalo, kwa tofauti ya kura 537. Tangu siku hiyo wengi wamemlaumu Nader kwa kumpa ushindi mtu wa mrengo wa kulia. Mimi sikubaliani na lawama hiyo jinsi inavyosemwa kwa kawaida, kwa sababu inamfanya mpiga kura kuwa mali ya chama cha Demokrati, ambacho hakikumpendeza, lakini pia sikubaliani na wale wanaosema kwamba hesabu ile haina maana. Aliyepiga kura kwa Nader huko Florida alikuwa na haki ya kufanya hivyo, na alikuwa na wajibu wa kujua kinachoweza kutokea. Kosa kubwa liko katika sheria iliyomlazimisha kuchagua kati ya dhamiri yake na hofu yake.

Hata hivyo, naomba uwaeleze wanafunzi wako habari za mji wa Milwaukee, kwa kuwa huko ndiko ninakoona jibu la kijana wako. Mwanzoni mwa karne ya 20 Chama cha Kisoshalisti cha Marekani kilikuwa na Eugene Debs, mfanyakazi wa reli aliyegombea urais mara tano. Mwaka 1912 alipata karibu asilimia 6 ya kura, na mwaka 1920 aligombea akiwa gerezani, alikofungwa kwa hotuba yake ya kupinga vita, akapata kura zaidi ya laki tisa. Urais hakuukaribia kamwe. Lakini mwaka 1912 chama chake kilikuwa na wanachama wapatao 118,000 waliokuwa wakilipa michango, na katika miji midogo na mikubwa wasoshalisti walikuwa wakichaguliwa kuwa mameya na madiwani. Milwaukee ilimchagua Emil Seidel kuwa meya mwaka 1910. Miaka miwili baadaye vyama vile viwili vikubwa, vilivyozoea kutukanana, viliungana nyuma ya mgombea mmoja ili kumwondoa. Wasoshalisti walirudi mwaka 1916 na Daniel Hoan, aliyekaa hadi 1940, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakarudi tena na Frank Zeidler, kuanzia 1948 hadi 1960. Wasoshalisti wenzao wa kwingineko waliwaita kwa dharau wasoshalisti wa mifereji ya maji machafu, maana kazi yao ilikuwa mifereji, afya ya mji, bustani za watu wote, na hazina isiyoibwa. Sisi tunaoamka saa kumi usiku kutafuta maji kwa bidoni hatuwezi kulicheka jina hilo.

Katika zama zetu, Bernie Sanders alianza kwa njia iyo hiyo: mwaka 1981 alichaguliwa meya wa Burlington, Vermont, akiwa mgombea huru, kwa tofauti ya kura 10. Amekaa bungeni kama mbunge huru tangu mwaka 1991, lakini alipoutaka urais mwaka 2016 na 2020 aliingia katika mchujo wa chama cha Demokrati, kwa sababu aliielewa vizuri ile hesabu. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala hapa jirani, aliyechaguliwa meya wa New York Novemba 2025, ni msoshalisti aliyepitia mchujo huo huo, na jina lake lilikuwa pia chini ya chama kidogo kiitwacho Working Families, kwa kuwa sheria ya New York inaruhusu vyama viwili kumsimamisha mtu mmoja na kura zao kujumlishwa. Majimbo mengi yamekataza jambo hilo. Pale linaporuhusiwa, mtu anaweza kukipa chama kidogo kura yake bila kumwangusha mgombea anayemtaka.

Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyakazi wa mgodi, ninaishi Katuba. Tuna vyama vya wafanyakazi, lakini vyama vya siasa ninavyoviona vyote ni vya mtu fulani. Je, vyama vyetu vingi si bora kuliko viwili vya Marekani? Na chama cha wafanyakazi cha mrengo wa kushoto, kisichoegemea kambi yoyote, kinaweza kuishi hapa kwetu?
Mfanyakazi, komini ya Katuba

Ndugu yangu wa Katuba, wingi wa majina katika orodha ya Wizara ya Mambo ya Ndani usikudanganye. Nchi hii imekwisha kuzionja idadi zote. Katiba ya Juni 1967 iliruhusu vyama visivyozidi viwili, lakini hicho cha pili hakikupewa nafasi ya kuzaliwa, na mwaka 1970 MPR, chama cha Mobutu, ikafanywa chama pekee. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, alitaka kwanza viwe vitatu tu, na mlango ulifunguliwa kwa wote baadaye. Vyama vikachipuka kama uyoga, na papo hapo vikajipanga katika kambi mbili, ya rais na ya upinzani. Kambi ya upinzani ya mwaka 1991 ilijiita Union sacrée, yaani Muungano Mtakatifu, na karibu miaka thelathini baadaye jina hilo likachukuliwa na kambi ya rais. Naona uchungu kusema hivi, lakini jina liliweza kuhama bila taabu kwa sababu kambi zetu hutofautishwa na nani amekaa mezani, wala si na mshahara wa mchimbaji au bei ya unga wa bukari.

Chama cha kushoto kilichofika mbali zaidi katika miaka hii ni PALU cha Antoine Gizenga, ambaye mwaka 1960 alikuwa naibu wa Lumumba katika serikali ya kwanza. Katika duru ya kwanza ya urais mwaka 2006, Joseph Kabila alipata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03, na Gizenga akawa wa tatu kwa 13.06. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, duru ya pili ilihitajika, na kura za Gizenga zikageuka kuwa nguvu ya mazungumzo. Aliafikiana na Kabila, akawa waziri mkuu, na alipoondoka mwaka 2008 alifuatwa na Adolphe Muzito wa chama hicho hicho hadi 2012. Lakini chama hicho, kilichokuwa kimepata viti 34 bungeni mwaka 2006, kilipata 19 tu mwaka 2011. Kwa maoni yangu kiliuza kura zake kwa bei ya vyeo, wakati kingeweza kudai mambo ambayo mtu wa Katuba au wa Kikwit angeyaona kwa macho yake: shule, mishahara, mikataba ya madini.

Januari 2011 duru ya pili ilifutwa katika katiba. Mwaka huo huo rais alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, na mwaka 2018, kwa hesabu ya CENI, tume yetu ya uchaguzi, ambayo mgombea wa pili aliipinga mahakamani, ushindi ulipatikana kwa 38.57. Tangu hapo chama kidogo hakina tena siku ya kuhesabiwa nguvu zake kabla ya kuafikiana na mkubwa, na ndiyo maana viongozi wake hukimbilia kambi kabla hata kura haijapigwa. Bungeni hali ni nafuu kidogo, kwa sababu katika maeneo yenye viti kadhaa tunagawa viti kwa uwiano wa kura. Lakini sheria ya 2017 ilileta kizingiti cha asilimia 1 ya kura za nchi nzima, na chama chenye mizizi katika komini za Katuba na Kenya za hapa mjini peke yake hakiwezi kukivuka bila kujificha ndani ya muungano wa vyama. Ongeza dhamana ya mgombea urais, iliyokuwa sawa na dola 100,000 mwaka 2018, utaelewa kwa nini vyama ni vya watu wenye mifuko.

Je, chama chenu kinaweza kuishi? Naamini kinaweza, kikilishwa na michango ya wanachama wake na si mfuko wa mwenyekiti. Mji huu si mgeni wa mambo haya: Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma hapa Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, kudai mshahara, wakapigwa risasi na kuuawa, na hakuna chama kilichowaagiza. Msianzie urais. Desemba 2023 tuliwapigia kura madiwani wa komini, na ngazi hiyo ndiyo inayolingana na Milwaukee niliyoieleza hapo juu.

Ndugu Mhariri, ungeulizwa uchague njia ya kuhesabu kura, ungechagua ipi?
Mwanafunzi wa sheria, komini ya Kampemba

Ndugu mwanafunzi, kwa urais ningerudisha duru ya pili. Najua watasema ni gharama, na nchi yetu ni pana, lakini rais aliyekataliwa na wapiga kura sita kati ya kumi hugharimu zaidi. Jimbo la Maine huko Marekani limepata njia ya kupunguza gharama hiyo tangu 2018: mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, wa mwisho huondolewa, na kura zake huhamia kwa chaguo la pili la kila mmoja, mpaka apatikane mwenye nusu. Katika Florida ya mwaka 2000 njia hiyo ingemruhusu mfuasi wa Nader kumweka wa kwanza bila hofu. Kwetu ningeogopa kujumlisha namba hizo mbali na macho ya mashahidi wa vyama, kwa hiyo duru mbili zinazohesabiwa kituoni, mbele ya watu, zinanituliza zaidi.

Kwa bunge, angalia New Zealand. Mwaka 1981 chama cha tatu kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura na viti 2 kati ya 92. Wananchi walibadili sheria kwa kura ya maoni mwaka 1993, na tangu 1996 viti hufuata kura za vyama. Ujerumani pia hugawa kwa uwiano, na huko Die Linke, chama kilicho kushoto kwa vyama vyote vikubwa, kilipata asilimia 8.8 na viti 64 mwaka 2025. Kizingiti cha huko ni asilimia 5, kikubwa kuliko chetu, na chama hicho kilikivuka kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kikiuliza watu kuhusu kodi za nyumba zao.