Fyuzi inalinda waya, si taa
Fyuzi ya ampea 15 kwenye gari lako inakatika ukiwasha taa za ziada ulizofunga, na unafikiria kuweka ya 30 mahali pake? Hapana, usiweke. Fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya, ikatike kabla waya haujaungua. Taa mbili za wati 55 kila moja kwa volti 12 zinavuta kama ampea 9 tu, kwa hiyo ya 15 inatosha kabisa. Ikikatika, kuna shoti mahali. Anzia pale waya unapopenya kwenye bati bila mpira wa kuukinga. Mara nyingi ganda limesagika mpaka shaba inaonekana.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Mwezi uliopita nimefungua gari ambalo mtu aliziba nafasi ya fyuzi kwa waya mtupu: nyaya za chini ya dashibodi zilikuwa zimeyeyuka na kushikana kama nta. Hapo unabadilisha fungu zima la nyaya.

Ila kama taa zako ni za wati 100 kila moja, hiyo ni karibu ampea 17. Vuta waya mnene zaidi toka kwenye betri, na usisahau kufunga relei, ile swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa badala ya swichi ya kuwashia.