Siamini tena, lakini Krismasi bado naipenda

Shangazi, niliacha dini zamani kidogo. Nyimbo za Krismasi bado zinanigusa na napenda tukikusanyika, ila sala zikianza najiona mnafiki. Mama anataka twende wote misa ya mkesha. Mwanangu wa miaka 7 naye ameanza kuuliza kama hadithi ya Betlehemu ni ya kweli. Nifanye nini?

Mwanangu, unajichosha kwa kudhani ni lazima uikubali Krismasi nzima au uikatae nzima. Andika kwenye karatasi kila unachofanya siku hizo: kupamba, kuimba, misa, zawadi, sala ya mezani. Kwa kila kimoja jiulize, kikiondolewa nitakikosa, au nakifanya kwa kuogopa maneno ya watu? Utakavyovikosa endelea navyo, wala huna haja ya kumweleza mtu. Kuimba wimbo uliokulia nao si unafiki. Waumini wenyewe wamewahi kugombana juu ya sikukuu hii, hata Bunge la Uingereza lililoshikwa na Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, likaipiga marufuku mwaka 1647.

Kwako kazi iko kwenye misa. Ukiamua kwenda, zungumza na mama wiki mbili kabla, mkiwa wawili tu. Mazungumzo haya huharibika yakifanyika siku yenyewe mbele ya ndugu, kwa sababu hapo mama husikia kwamba malezi yake yameshindwa, naye hana budi kujitetea. Anza na utakachofanya: “Mama, nitakuja nikae nawe. Komunyo sitapokea, naomba tusibishane kanisani.” Ishia hapo. Ukianza kutaja sababu za kutoamini, atazijibu moja moja mpaka usiku.

Kanisani kaeni upande wa njia, ili wakati wa komunyo uwapishe wengine watoke kwenye benchi bila wewe kubaki katikati ya mstari. Wakisimama, simama, wakikaa, kaa. Sala huna lazima ya kuzitamka. Kuna jambo moja huwashtua wengi: Krismasi, Wakatoliki wakisali Nasadiki, yaani sala ya kukiri imani, hupiga magoti kwenye maneno yanayosema Mwana alipata mwili, nawe unaweza kujikuta umesimama peke yako. Nasadiki huja baada ya mahubiri. Ikianza tu, keti taratibu uinamishe kichwa. Wakati wa kutakiana amani, mpe mkono kila aliye karibu. Hilo unaweza kulifanya kwa moyo wote.

Mtoto mjibu kwa ufupi na kwa ukweli: “Bibi anaamini ni kweli, na Wakristo wengi pia. Mimi siamini. Wewe utazidi kujifunza.” Usimkosoe bibi mbele yake. Kisha mwarifu mama kwamba umejibu hivyo, maana mtoto atamwambia tu, na heri alisikie kwako kwanza.

Mama anaweza kununa. Usimfuate na maelezo mapya, na usiache kwenda kwake; atapima maneno yako kwa kuona kama bado unakuja.

Mezani ukiombwa kuongoza sala, mpishe mkubwa: “Naomba mama atuongoze.” Wakikung’ang’ania, washukuru waliopika kwa majina, wataje wasiokuwapo mwaka huu, halafu wakaribishe watu chakula.