Jibu: Kwa nini Surya Bonaly hasahauliki
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Surya Bonaly anatajwa sana ilhali hana medali hata moja ya Olimpiki. Mfaransa huyu alikuwa bingwa wa Ulaya wa kuteleza kwenye barafu mara 5 mfululizo, 1991 hadi 1995, na mara 3 akawa wa pili duniani. Mimi naamini majaji walimwonea.

Lakini tazama Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998. Ana maumivu, medali imeshamponyoka. Ghafla anapiga samasoti ya kinyumenyume, mtindo uliokatazwa, anatua kwa mguu mmoja, kwenye kile chuma chembamba cha kiatu! Kisha akawapa majaji mgongo, akawainamia watazamaji. Alimaliza wa 10. Marufuku hiyo iliondolewa 2024.