Ukienda Fujian, lala Quanzhou

Wengi wanaoniuliza habari za jimbo la Fujian, China, huwa na jina moja tu mdomoni: Xiamen. Ni mji mzuri, una uwanja wa ndege wa kimataifa, una ufukwe, na ng'ambo yake kipo kisiwa cha Gulangyu kisichoruhusu magari. Lakini mimi ni mtu wa pwani, huenda jimbo hilo kufuata viatu vya jumla, na ushauri wangu haubadiliki: Xiamen pita tu, kalale Quanzhou. Kwa treni ya kasi hata saa moja haiishi.

Fujian iko kusini-mashariki mwa China, ikitazamana na Taiwan. Sehemu kubwa ni milima, mashamba ni haba, na wenyeji tangu zamani wametafuta riziki baharini. Karne ya 13 Quanzhou ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Waarabu waliiita Zaitun. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika huko miaka ya 1340.

Anza na msikiti wa Qingjing, uliojengwa mwaka 1009. Lango lake la mawe lina upinde mrefu, na kutani mna aya zilizochongwa kwa Kiarabu. Ukumbi wa zamani hauna paa tena, nguzo zimebaki wazi juani. Kuna jengo jingine pembeni kwa ajili ya swala. Kutoka hapo nenda hekalu la Kaiyuan. Watu hupiga picha minara yake miwili ya mawe wakaondoka, nami huwasikitikia, kwa sababu ndani ya eneo hilohilo kuna jengo lenye jahazi lililofukuliwa mwaka 1974 kwenye matope ya ghuba ya Quanzhou. Lilikuwa limerudi na ubani, liwa, pilipili manga na ambari. Tumbo lake limegawanywa vyumba 13 kwa kuta za mbao, ili kimoja kikitoboka maji yasienee kote. Ukiwa umekulia karibu na mafundi wa majahazi, jipe muda wa kutosha hapo.

Makumbusho ya bahari nayo usiyakose: mawe ya makaburi ya Waislamu, safu kwa safu, yenye majina ya watu waliotoka mbali wakazikwa ugenini. Wazao wa baadhi yao wangalipo. Katika mji wa Chendai, ambako wafanyabiashara wenzangu hununua viatu, ukoo wa Ding unatokana na wageni hao, na jumba la mababu zao linatembelewa.

Chakula kinataka uangalifu. Chaza waliokaangwa kwa mayai na unga wa viazi vitamu ni fahari ya pwani hiyo, ila mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mwislamu atafute maandishi haya mlangoni: 清真, yaani halali. Migahawa hiyo, mingi ikiwa ya watu wa Qinghai, huuza tambi za kuvutwa kwa mkono zenye nyama ya ng'ombe, nazo hushibisha kweli.

Ukipata nafasi ya kwenda bara, nenda kwenye tulou, majumba makubwa ya udongo ya Wahakka, jamii ya Wachina wenye lugha yao, ukoo mzima ndani ya ukuta mmoja. Chengqilou ya Yongding ilikamilika mwaka 1709 na ina duara ndani ya duara. Wanaokwenda zile za upande wa Nanjing wawe macho wakikata tiketi: ni Nanjing ya Fujian, inayoandikwa 南靖, siyo lile jiji kubwa la jimbo la Jiangsu. Mwonyeshe karani maandishi.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya apate viza kabla ya kuondoka. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, ukiwa bado nyumbani, maana hata muuza matunda barabarani analipwa kwa simu. Pasipoti itembee nawe, kwani huhitajika kwenye treni na kwenye feri ya Gulangyu, ambayo ni vyema kuikatia tiketi mapema. Julai hadi Septemba ni msimu wa vimbunga, na kikija kimoja treni na feri husimamishwa. Mimi huchagua Oktoba au Novemba: mvua imepungua na joto linavumilika.