Kwa nini kambakochi mnono anarudishwa baharini?

SWALI: Nimepata kazi ya ubaharia kwenye boti ya kambakochi kusini-magharibi mwa Nova Scotia, Canada, katika eneo la uvuvi wa kambakochi linaloitwa LFA 34 (LFA ni kifupi cha "Lobster Fishing Area"). Tunaanza mwisho wa Novemba. Nahodha amenikabidhi kipimo cha chuma na kuniambia kambakochi mmoja asiyeruhusiwa akikutwa kwenye kreti, kesi ni yetu sote. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: hakuna anayetuwekea kikomo cha tani, ila jike mkubwa mwenye mayai tunamrudisha majini. Na kwa nini tuvue wakati wa barafu, si kiangazi? Nisaidie pia namna ya kupima, maana naona aibu kuuliza kila mara.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na kipimo, kwa sababu ndicho kitakachokuwa mkononi mwako kuanzia mtego wa kwanza. Ila kwanza tuelewane maneno: humu nitasema kambakochi kwa mnyama, na kamba kwa ile ya kufungia. Kiswahili kimeyapa majina yanayofanana, na kwenye boti yako vyote viwili vitapita mikononi mwako siku nzima.

Urefu wa chini kabisa katika LFA 34 ni milimita 82.5. Haupimwi mwili mzima, linapimwa gamba la mgongoni peke yake. Ncha moja ya kipimo iweke nyuma ya tundu la jicho, kisha ulaze kipimo sambamba na mstari wa katikati ya mgongo mpaka ukingo wa nyuma wa gamba, pale mkia unapoanzia. Kipimo kikiteremka nyuma ya ukingo, huyo bado mdogo, mrudishe. Wageni hukosea mahali pawili. Wengine huanzia kwenye ule mwiba wa katikati ya macho. Wengine hukilaza kipimo mshazari, na mshazari siku zote ni mrefu kuliko njia iliyonyooka, kwa hiyo mdogo anaonekana ametimia. Ukibaki na shaka, rudisha. Usione haya kupima mara mbili. Mabaharia wazoefu nao hupima tena wale wa mpakani.

Sasa hilo la tani. Ni kweli, uvuvi wa pwani wa kambakochi wa Atlantiki nchini Canada hauendeshwi kwa kikomo cha uzito. (Kwenye kina kirefu, LFA 41, kikomo kipo, nacho ni tani 720 kwa mwaka.) Pwani, serikali hubana idadi ya leseni, idadi ya mitego, siku za msimu na aina ya mnyama unayeruhusiwa kushusha. Boti yako ina mitego 375, na kuanzia Aprili 1 inaruhusiwa kufika 400. Jirani zenu wa LFA 33 wana 250. Kila mtego lazima uwe na lebo ya mwaka huo, na mtego usio na lebo ni kosa hata kama hauna kitu ndani. Kwa kuwa hakuna anayehesabu tani mlangoni, ulinzi wote umewekwa kwenye meza ya kuchambulia, yaani mikononi mwako. Ndiyo maana nahodha alikuonya kwa ukali ule.

Kuhusu baridi, jibu liko kwenye kujivua gamba, na hapa sizungumzii siasa. Kambakochi hana njia nyingine ya kukua: gamba la zamani hupasuka, hutoka akiwa laini kama mpira, hunywa maji akatanuka, kisha gamba jipya huanza kukakamaa. Katika maji yenu, wengi hufanya hivyo kiangazi. Aliyetoka kujivua amejaa maji kuliko nyama, huumia akishikwashikwa, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Tena jike hupandwa mara tu baada ya kujivua, akiwa bado laini. Kwa hiyo eneo lenu hufungwa kiangazi, likafunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Novemba hadi Mei 31, wakati gamba ni gumu na nyama imejaa. Baridi utakayoila wewe inalipwa na ubora wa mzigo. Utabiri wa upepo ukiwa mbaya siku ya kufungua huahirishwa, na usimsikilize anayelalamika kuhusu hilo: siku hiyo boti zimerundikwa mitego mpaka juu, na mzigo uliopanda juu hivyo huifanya boti iwe rahisi kupinduka.

Nije kwa jike mwenye mayai, maana ndiye aliyekuchanganya. Akishapandwa huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, kisha hutaga na kuyagandisha mayai chini ya mkia. Huyabeba miezi 9 hadi 12. Kwa hiyo hata Januari utamkuta nayo, meusi-kijani kama mbegu ndogo zilizogandamana. Mdogo hubeba maelfu, mkubwa hubeba makumi ya maelfu, na yule unayemwona "mkubwa wa kupoteza" ndiye mwenye faida kubwa kwa bahari. Kwa kawaida mwaka mmoja hubeba mayai, mwaka unaofuata hujivua gamba na kupandwa tena. Maana yake ni kwamba jike mzazi hutumia muda mrefu bila yai hata moja linaloonekana, na katika muda huo sheria ya mayai haimlindi.

Wavuvi wa Maine, ng'ambo ya mpaka wa Marekani, walilitatua hilo kwa kisu. Jike mwenye mayai hukatwa alama ya umbo la V kwenye pezi la mkia. Ukimweka tumbo chini, mkia ukikuelekea, ni pezi la kuume linalofuata lile la katikati. Baada ya hapo ni marufuku kumshusha, awe na mayai au asiwe nayo. Alama hudumu hata baada ya kujivua gamba, ikififia kidogo kidogo. Maine wanamlinda pia mkubwa wa jinsia yoyote: gamba likizidi inchi 5, anarudi majini. Kwa upande wako, soma ukurasa wa masharti ya leseni ya boti unayofanyia kazi. Hubadilika, na ndiyo yanayohesabika mbele ya afisa wa uvuvi, si maelezo yangu wala mazoea ya bandarini.

Sitaficha maoni yangu: naona kipimo cha milimita 82.5 ni kidogo kwa upande wenu. Katika Ghuba ya St. Lawrence maji ya kiangazi hupata joto, na majike hukomaa wakiwa wadogo. Kwenu maji ni baridi zaidi, na majike wengi hufikia kipimo cha kuvuliwa kabla hawajawahi kutaga hata mara moja. Kwa hiyo yule jike mzazi unayemrudisha anafanya kazi ya wengi walioishia kwenye kreti.

Ukimrudisha, usimrushe kama jiwe. Baridi ikiwa chini ya sifuri, kuachwa mezani muda mfupi tu kunaweza kugandisha macho na mashavu yake ya kupumulia, akafa baadaye chini ya maji bila mtu kujua. Warudishe wenye mayai na wadogo kwanza, karibu na uso wa maji, ndipo ufunge mipira kwenye magando ya wanaobaki. Na mtu akikushawishi kusugua mayai au kumchovya jike kwenye dawa ya klorini ili yatoke, kataa. Gundi na nyuzi zilizoshika mayai huacha dalili, na masalia ya klorini hupimika.

Mtego wenyewe nao una sheria mwilini mwake. Ule uwazi mwembamba pembeni ni wa wadogo kutokea wenyewe, kwa hiyo usiuzibe kwa chambo wala kwa kamba. Kuna pia kidirisha kilichofungwa kwa kitu kinachooza au kushika kutu, kama uzi wa pamba, katani au waya usiopakwa kitu. Mtego ukipotea, kifungo kinakatika na walionaswa wanatoka. Nimewahi kuona mtu aliyefungia kidirisha hicho nailoni "ili kisisumbue". Mtego wa namna hiyo ukipotea unaendelea kuua: anayekufa ndani anakuwa chambo cha anayefuata.

Mwisho ni kamba zenyewe, zile za boya. Nyangumi aina ya "right whale" wa Atlantiki ya Kaskazini wamebaki chini ya 400, na kunaswa kwenye kamba za uvuvi ni moja ya sababu kuu za vifo vyao. Tangu 2020 Canada inataka kamba za mitego ziwe na alama za rangi zinazoonyesha zimetoka uvuvi gani na eneo gani. Nyangumi akionekana, sehemu zinazohusika zinaweza kufungwa kwa siku 15, na nahodha atakuamuru mkaitoe mitego hata kama inajaa vizuri. Usiache kamba ndefu ikielea bure juu ya maji. Ukikuta mtego haupo mahali pake, mwambie nahodha siku hiyohiyo auandike, kwa sababu kuripoti vilivyopotea ni lazima, na Mei 31 mitego yenu yote inatakiwa iwe imetoka majini.